Risala ya Vijana wa Huduma ya Habari kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Ufunguzi wa Maonyesho ya Picha za Msitu wa Jozani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Baba Padri, kiongozi wa parokia yetu,
Waheshimiwa masheha na walimu wa skuli jirani,
Wazazi, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika ukumbi huu, na tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako za Jumamosi ukaja kutufungulia maonyesho yetu ya kwanza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kina vijana 14, wasichana 8 na wavulana 6. Kazi tunayojulikana nayo zaidi ni ile ya Jumapili: kurusha ibada mubashara, kufunga vipaza sauti, kuonyesha maneno ya nyimbo kwa projekta, na kupiga picha za ubatizo, kipaimara na ndoa. Hiyo haina mengi ya kusimulia. Ikienda vizuri hakuna anayeiona, na kipaza sauti kikikoroma kanisa zima hugeuka kututazama.

Tungependa ifahamike kwamba huduma ya habari hapa Unguja haikuanza na sisi wa simu za mkononi. Edward Steere, aliyefika kisiwani mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, alikuwa na matbaa ya misheni, na waliopanga herufi na kuzipaka wino walikuwa vijana, wengi wao wakiwa wameokolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Kanisa Kuu la Mkunazini lilipowekewa jiwe la msingi siku ya Krismasi ya mwaka 1873, pale palipokuwa soko la watumwa, karatasi za Kiswahili zilikuwa tayari zimekwisha kutoka katika mikono ya vijana hao. Sisi tunajihesabu kuwa wajukuu wao katika kazi, ingawa wino wetu ni mwanga.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, swali tunaloulizwa mara kwa mara, na wakati mwingine kwa ukali, ni hili: vijana wa kanisa wanatafuta nini msituni? Jambo lenyewe lilianza katika ibada ya mavuno, ambapo Zaburi ya 104, inayosifu uumbaji wa Mungu, ilikuwa isomwe na sisi tukaagizwa kutafuta picha za kuonyesha ukutani. Tulizichukua kwenye intaneti bila kufikiri, milima yenye theluji na kulungu wenye pembe ndefu. Ibada ilipokwisha bibi mmoja alitusubiri mlangoni akatuuliza, "Wanangu, hiyo barafu iko wapi? Mikandaa ya Chwaka nani kaiumba?" Tulicheka, lakini hatukuwa na jibu. Kesho yake tulianza kuhesabu picha tulizokuwa nazo za viumbe vya kisiwa chetu wenyewe, tukakuta hata moja haifai kuonyeshwa.

Ndipo tulipoanza kwenda Jozani. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004, ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 50, na ndani yake mna msitu wa maji wenye mitondoo, vichaka vya maweni, na mikandaa inayoshuka hadi ghubani. Humo anaishi kima punju, ambaye kwa asili hapatikani popote duniani isipokuwa Unguja. Jina lenyewe linabeba shutuma, kwa kuwa punju ni sumu, na wazee waliamini kwamba mnyama huyu huua miti anayoila. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 ilionyesha kwamba wako zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa, na baadhi yao wanaishi nje ya mipaka ya hifadhi, katika mashamba ya watu.

Picha iliyo katikati ya ukuta wa kulia ilichukua asubuhi tatu. Mpiga picha wetu, msichana wa kidato cha tatu, aliketi nyuma ya jiko la nje la nyumba moja karibu na msitu, kwa idhini ya mama mwenye nyumba, akingoja kima washuke. Siku mbili hawakuja. Siku ya tatu alishuka jike mwenye mtoto aliyening'inia tumboni pake, akapita kando ya masufuria bila kuyagusa, akaokota kipande cha kaa lililozimika, akaanza kukitafuna taratibu kama anayekula muhogo mkavu. Ukiitazama picha kwa karibu utaona vumbi jeusi pembeni mwa mdomo, na utaona kwamba mkono ulioshika kaa una vidole vinne tu, kwa sababu kima huyu hana kidole gumba cha kuonekana. Watafiti wameeleza kwamba makaa hufyonza kemikali zilizomo katika majani ya mikungu na miembe, ambazo zingemdhuru tumbo. Mama yule, ambaye kwa miaka mingi aliwafukuza kwa mawe akidhani ni wezi, tulipomrudishia picha iliyosafishwa aliitundika sebuleni.

Tumejiwekea masharti. Hatumlishi mnyama ili asogee, hatumwiti kwa miluzi, na hatupigi picha ya mama anayevuna mwani au mvuvi anayeshusha samaki mpaka akubali kwa kinywa chake mwenyewe. Sisi ni wachache katika kisiwa chenye Waislamu wengi, na tumegundua kwamba picha ya paa nunga, yule paa mdogo wa msituni, haimuulizi mtu anasali wapi. Walimu wa skuli mbili jirani, walioko hapa leo, wameshaomba nakala za kufundishia, nasi tutawapa bila malipo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, matatizo hayakosi. Kubwa kuliko yote ni unyevu. Hewa ya chumvi na joto la kisiwani huotesha kuvu ndani ya lenzi, nyuzi nyeupe nyembamba kama utando wa buibui, na kuvu likishaota picha zote hutoka na ukungu. Kwa ushauri tuliousikia mitaani tulizitia lenzi katika ndoo ya mchele. Unyevu haukuisha, ila vumbi la mchele liliingia katika pete ya kuzungushia. Fundi mmoja wa mjini alikaa na lenzi hiyo miezi minne akairudisha na alama ya bisibisi juu ya kioo. Kwa sasa tunatumia lenzi moja kwa zamu, na picha zote za miaka miwili zimehifadhiwa katika diski moja ya nje, jambo ambalo kwa kweli linatunyima usingizi.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu: kabati la kukaushia vifaa, diski mbili za kuhifadhia nakala, na barua yako ya utambulisho ili tuweze kwenda Pemba kupiga picha za msitu wa Ngezi na popo wakubwa wa Kidike. Katika michango yetu tumeshapata shilingi 640,000, na daftari la mapato na matumizi liko mezani kwako.

Kabla ya kukata utepe, lipo jambo ambalo hatukutaka ulikute bila kuambiwa. Picha ya mwisho, karibu na mlango wa kutokea, ni ya kima aliyegongwa na gari katika barabara inayopita Jozani. Matuta yaliyojengwa hapo yamepunguza vifo, lakini hayajavimaliza. Baadhi ya wazee wa kanisa waliona picha hiyo haistahili kuwekwa ukumbini, na walitupa hoja zao kwa upole. Tulijadiliana jioni mbili, tukaamua ibaki, ila tumeitundika chini, usawa wa macho ya mtu aliyeketi, na mbele yake tumeweka benchi.

Karibu, Mheshimiwa.

Imesomwa na katibu, kwa niaba ya kikundi.