Takwimu za bayocha zitolewe ploti kwa ploti

Kwa Katibu Mkuu,
Wizara ya Kilimo, Dodoma.

YAH: TAKWIMU ZA MAJARIBIO YA BAYOCHA

Ndugu Katibu Mkuu,

Tunaomba kila jaribio la bayocha, yaani mkaa unaochanganywa na udongo wa shamba, linalogharamiwa na fedha za umma litoe takwimu zake ghafi, ploti (kipande cha shamba la jaribio) kwa ploti, kwenye faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, ambalo yeyote anaweza kulipakua. Wastani peke yake haumsaidii afisa ugani. Mkaa huu wa pumba za mpunga au magunzi, uliochomwa kwa hewa haba, mara nyingi una pH (kipimo cha tindikali, ambapo 7 ni katikati na chini yake ni tindikali) ya 8 hadi 10. Kwenye udongo wa tindikali wa Nyanda za Juu Kusini hupunguza ukali kama chokaa. Kwenye udongo wa magadi unaweza kupandisha pH zaidi na kuifunga zinki, mimea isiipate. Changanya mashamba hayo mawili, utaambiwa bayocha haina athari.

Penye kasoro nyingi ni vipimo. Chukua "tani 10 kwa hekta": mkaa uliozimwa kwa maji ukiwa na unyevu wa asilimia 40, hapo kuna tani 6 tu za mkaa mkavu. Sampuli ipimwe, ikaushwe kwenye oveni kwa nyuzi 105 hadi uzito usibadilike, ndipo uandikwe uzito mkavu. Ekari nayo! Hatua 70 kwa 70, za mita mojamoja, ni mita za mraba 4,900. Ekari halisi ni 4,047. Mavuno yameshapanda kwa asilimia 21 kabla hata mkaa haujamwagwa. Itumike futi kamba.

Jedwali lioneshe malighafi, joto la kuchomea, kiasi cha mbolea, unyevu wa nafaka siku ya kupima, na pH ya udongo pamoja na njia yake, kwani kipimo cha maji na cha kloridi ya kalsiamu havitoi jibu moja. Lioneshe pia kama mkaa ulichanganywa kwanza na mboji. Hili husahaulika, na mkaa mtupu unaweza kushikilia nitrojeni msimu wa kwanza: mahindi yanakuwa ya njano, mkulima analaumu mbegu. Kisanduku kisicho na kipimo kiachwe kitupu. Sifuri ni kipimo.

Ploti ziwe nne: bila kitu, mbolea tu, mkaa tu, na vyote viwili, zikirudiwa angalau mara tatu. Bila ile ya mbolea tu, mchango wa mkaa haujulikani. Zilizoshindwa zisifutwe.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 isigeuzwe kufuli. Majina na namba za simu ziondolewe, vipimo vya GPS vibaki na desimali mbili, yaani kilomita moja hivi, na leseni iwe CC BY 4.0, inayomruhusu yeyote kuzitumia takwimu mradi ataje chanzo.

Tunapendekeza sharti hili liingie kwenye mikataba ya fedha za utafiti: faili liwe wazi ndani ya miezi 12 baada ya mavuno.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Watafiti wa udongo na maafisa ugani