Nanga imetua juu ya matumbawe

Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Taarifa ya juzi, ile ya safari ya siku moja kwenda kutazama matumbawe kwa miwani na mrija, nimeshindwa kuinyamazia. Mwandishi wenu amesifu maji, amesifu samaki, amemsifu nahodha, kisha akatueleza kwamba matumbawe yanakufa kwa sababu bahari inapata joto. Basi, akaishia hapo.

Joto ni kweli. Tumbawe ni mnyama, na ndani ya mwili wake mnaishi mwani mdogo mno unaomlisha na kumpa rangi. Maji yakizidi joto lake la kawaida la kiangazi kwa nyuzi moja tu, yakakaa hivyo wiki kadhaa, mwani humtoka, akabaki mweupe, na maji yasipopoa hufa njaa. Yalitokea duniani kote mwaka 1998, yakatokea tena 2016. Lakini nahodha hana uwezo wa kuipoza bahari. Nanga anaishika yeye.

Mwaka jana nilipanda chombo cha safari kama hiyo. Tulipofika, baharia alitupa nanga bila hata kuchungulia chini. Nilikuwa wa kwanza kuingia majini, nikainamisha uso, nikaiona: imekita katikati ya tumbawe la matawi, pana kama meza ya watu wanane, na kila wimbi lilipokiinua chombo mnyororo ulikuwa unaburuzika juu yake. Kila ukipita, tawi linakatika, na pale lilipokatikia panabaki peupe pe kama jino. Vijisamaki vya buluu vilivyokuwa vikiishi humo vilipanda, vikashuka kujificha, mnyororo ukapita, vikapanda tena. Nikarudi ngazini kumwambia baharia. Alinijibu kwamba hayo ni mawe tu, yataota mengine. Mawe! Tumbawe la mviringo hukua kama sentimita moja kwa mwaka, mara nyingi pungufu. Dakika chache baadaye nilimwona mtu mzima amesimama na mapezi yake ya kuogelea juu ya tumbawe la namna hiyo, kimo chake si chini ya mita. Piga hesabu mwenyewe, Mhariri: alikuwa amekanyaga miaka mia. Wala hakusimama kwa ubaya. Miwani aliyokodishiwa ilikuwa inavuja, mpira wake umekauka na kupasuka pembeni, maji yamemjaa puani, anakohoa, anatafuta pa kukanyaga. Kiongozi wetu alikuwa wapi? Alikuwa ameinua kiti cha pweza nje ya maji, kinapitishwa mkono kwa mkono kipigwe picha, huku mwenzake akiwatupia samaki mkate. Samaki ambao kazi yao ni kukwangua mwani mwingine, ule wa nje unaotaka kuyafunika matumbawe, wanafundishwa kusubiri mkate.

Na maadamu nimeanza, niseme pia la mafuta ya kujikinga na jua. Chombo kizima kilijipaka dakika tano kabla ya kuruka majini, na juu ya maji pakatanda utando unaong'aa. Chupa zimeandikwa kwamba ni rafiki wa matumbawe, maneno ambayo mtengenezaji huyatumia apendavyo. Palau, nchi ya visiwa katika Pasifiki, ilipiga marufuku mafuta yenye oksibenzoni, kemikali ya kuzuia miale ya jua inayodhaniwa kuyadhuru matumbawe, mwaka 2020, Hawaii ikazuia kuyauza kuanzia Januari 2021. Shati la mikono mirefu linakinga mgongo vizuri zaidi, na halimwagiki baharini. Mbona taarifa yenu haikulitaja?

Mahali pa kutazamia pawekwe boya la kudumu, lishikwe na chuma kilichopigiliwa kwenye mwamba, chombo kifunge kamba hapo. Key Largo, Florida, Marekani, wanafanya hivyo tangu miaka ya 1980. Boya likiwa na chombo, kingine kisubiri mbali. Miwani ijaribiwe nchi kavu: iweke usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua, ikidondoka, isipakiwe. Na mtu asipelekwe kwenye matumbawe mpaka aelee juu ya mchanga mtupu dakika kumi, uso majini, bila kugusa chini. Akigusa, avae jaketi la kuokolea na ashikwe mkono. Wakidai haiwezekani, wakumbusheni kwamba Thailand iliwafungia watalii kabisa ghuba yake ya Maya mwaka 2018, na ilipofunguliwa Januari 2022 mashua hazikuruhusiwa tena kuingia ndani yake. Papa walikuwa wamesharudi.

Mwandishi wenu akialikwa tena, atangulie kushuka majini kabla ya wengine, aifuate kamba ya nanga mpaka chini, kisha atuandikie alichokikuta huko.

Msomaji wenu wa siku nyingi