Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Balozi wa dola ya nyuklia: tunaomba tarehe

Kwa Mheshimiwa Balozi,
Mwakilishi wa dola yenye silaha za nyuklia katika mikutano ya mapitio ya Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia (NPT).

YAH: TAREHE YA KUTEKELEZA IBARA YA 6

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote nakusalimu kwa heshima zote zinazostahili cheo chako. Nchi yako siitaji, na si kwa woga. Mkataba unawatambua watano: Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa na China. Nilijaribu kuiandika barua hii upya kwa kila mmoja wenu nikakuta hakuna cha kubadilisha isipokuwa bendera. Atakayeisoma kwanza aihesabu ni yake.

Naandika hadharani kwa sababu njia ya faragha nimeipita hadi ikaniishia. Ubalozi mmoja, nao siutaji, ulinijibu kwa karatasi nzito yenye nembo ya kupendeza. Jina langu lilikosewa na cheo changu kilikosewa, lakini ile sentensi ya kwamba silaha zitaondolewa pindi mazingira ya usalama yatakaporuhusu haikukosewa hata nukta. Nadhani imeandikwa mara nyingi mno kiasi kwamba mkono unaenda wenyewe.

Kilichonimaliza subira ni tarehe 5 Februari 2026. Siku hiyo mkataba wa New START kati ya Marekani na Urusi, uliotiwa saini Prague tarehe 8 Aprili 2010, ulifika mwisho wa muda wake. Ndio uliokuwa umebaki peke yake kuwawekea wakubwa hao wawili kikomo: kila mmoja vichwa vya nyuklia 1,550 vya masafa marefu vilivyo tayari, visizidi. Uliruhusu wakaguzi wa upande huu kuingia kambi za upande ule hadi mara 18 kwa mwaka, wakahesabu kwa macho yao. Ukaguzi ulisimama mwaka 2020 kwa sababu ya korona na haukurudi. Februari 2023 Urusi ikatangaza kusitisha ushiriki wake. Kisha muda ukaisha. Redioni mtangazaji aliisoma habari hiyo kwa pumzi moja, yakafuata matokeo ya mpira.

Kufa kwa mkataba kulikuwa na tarehe, Mheshimiwa, na tuliijua miaka mitano kabla. Kila kitu chenu kina tarehe isipokuwa kile mlichotuahidi sisi.

Naomba uniruhusu nikukumbushe, ingawa najua una makabati yaliyojaa mafaili. NPT ilianza kutumika tarehe 5 Machi 1970. Sisi tusio na mabomu tuliahidi kutoyatafuta. Ninyi mliokuwa nayo mkaahidi, katika Ibara ya 6, kufanya mazungumzo kwa nia njema ili mbio za silaha zikome mapema na silaha zenyewe ziondoke. Upande wetu tumekaguliwa tangu hapo: kiasi kidogo cha urani kisipolingana na kilichoandikwa vitabuni, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki linabisha hodi. Upande wenu nani anabisha? Mwaka 1995 mlikuja kutuomba mkataba usiwe na mwisho, tukakubali tarehe 11 Mei. Mwaka uliofuata Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikasema, majaji wote kwa kauli moja, kwamba mnalo jukumu la kuanza mazungumzo hayo na kuyafikisha tamati. Mwaka 2000 mkatoa ahadi isiyo na shaka ya kutokomeza silaha zenu kabisa, mkaorodhesha hatua 13. Mwaka 2010 hatua zikawa 64. Ukiangalia haraka unaweza kudhani ni maendeleo. Mwaka 2015 mkutano wa mapitio ulivunjika bila tamko, na wa 2022 vilevile. Tarehe 3 Januari 2022 ninyi watano mlitoa kauli ya pamoja kwamba vita vya nyuklia havina mshindi na havipaswi kupiganwa kamwe. Wino haujakauka, Februari hiyohiyo mmoja wenu akaivamia nchi jirani na kuagiza vikosi vyake vya nyuklia vikae katika hali ya tahadhari.

Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari. Ibara ya 6 nimeifundisha mpaka wale niliowafundisha mwanzo wananiletea watoto wao. Kila mwaka naulizwa swali lilelile: “Mwalimu, wataziondoa lini?” Kila mwaka nawatetea. Naeleza kwamba diplomasia ni kazi ya taratibu, kwamba dunia ina vita baridi, kisha haina, kisha inayo tena. Nimekuwa msemaji wenu asiye na posho. Wenzangu ofisini wananiita Bwana Nyuklia. Usingizi umekuwa mwembamba, presha inapanda, daktari kaniambia nipunguze taarifa za habari, na mwenzangu nyumbani anasema bomu lenyewe halijalipuka lakini mimi limeshanimaliza. Sisemi haya ili unihurumie. Nasema ujue kwamba danadana hii inachezwa na watu wazima kwa gharama ya watu wengine.

Najua majibu yako. La kwanza utaniambia silaha zimepungua, na ni kweli: mwaka 1986 zilikuwa zaidi ya 70,000 duniani, leo ni elfu 12 na ushei, na takribani asilimia 90 ziko Marekani na Urusi. Asante. Lakini sehemu kubwa ya punguzo hilo ni la kizazi cha wakubwa wako waliotangulia, na siku hizi mwelekeo ni mwingine. Mwaka 2021 Uingereza ilipandisha dari la akiba yake hadi vichwa 260. China, kwa makadirio ya SIPRI, taasisi ya Sweden inayofuatilia silaha duniani, ilifika vichwa vipatavyo 600 mwanzoni mwa 2025. Urusi inajivunia makombora mapya. Oktoba 2025 Rais wa Marekani alitangaza kwamba ameagiza majaribio ya silaha za nyuklia yaanze, wakati mkataba wa kupiga marufuku majaribio hayo wa mwaka 1996 bado haujaanza kutumika na Urusi imeshaondoa uridhiaji wake. ICAN, kampeni ya kimataifa ya kutokomeza silaha za nyuklia, ilikokotoa kwamba mwaka 2024 nchi tisa zenye silaha hizi (ninyi watano na wengine wanne ambao NPT haiwatambui) zilizigharimia zaidi ya dola bilioni 100. Mdeni anayekuambia hali ni ngumu, huku mafundi wake wanamwaga zege la ghorofa ya pili, hajakosa pesa.

La pili utaniambia silaha hizi ndizo zilizotulinda tusipigane vita vikuu vya tatu. Kwamba kutishana kumeleta amani. Hoja hii naisikia kwa watu wenye akili kunishinda, kwa hiyo siipuuzi. Lakini nieleze usiku wa tarehe 26 Septemba 1983. Katika handaki la Serpukhov-15, kusini mwa Moscow, Luteni Kanali Stanislav Petrov alikuwa zamu. Kioo kikawaka kikisema kombora limerushwa kutoka Marekani. Kisha la pili, la tatu, la nne, la tano. King’ora kinalia, wadogo zake kazini wanamtazama yeye. Kanuni ilimtaka apeleke taarifa juu kwamba wameshambuliwa. Akafikiri: nani anaanzisha vita vya kumaliza dunia kwa makombora matano? Akapiga simu akasema ni hitilafu. Baadaye ikabainika satelaiti ilidanganywa na mwanga wa jua uliopiga juu ya mawingu. Unachokiita mfumo wa kuzuia vita, Mheshimiwa, usiku ule kilikuwa mtu mmoja aliyekataa kuamini mashine. Tarehe 25 Januari 1995 roketi ya wanasayansi kutoka Norway, iliyokwenda kuchunguza anga la kaskazini, ilimfanya Yeltsin, rais wa Urusi, afunguliwe lile begi lake la kuamuru shambulio la nyuklia. Leo SIPRI inakadiria vichwa vipatavyo 2,100 viko tayari kurushwa wakati wowote. Mnategemea kila zamu iwe na Petrov.

La tatu utanitajia Ukraine. Hapo una hoja, sikatai. Silaha za Kisovieti zilizokuwa kwenye ardhi yake zilirudishwa Urusi, na tarehe 5 Desemba 1994 mjini Budapest ikapewa hati ya kuihakikishia mipaka yake. Watu wengi leo wanasema Ukraine ingebaki nazo isingeguswa. Lakini waliotia saini hati ile pamoja nayo ni Urusi, Marekani na Uingereza, watatu kati yenu watano. Kama funzo la Budapest ni kwamba karatasi zenu hazina thamani, basi mniambie Ibara ya 6 ni karatasi ya namna gani.

Ngoja nikueleze Rongelap, kwa sababu kwenye mikutano yenu mambo haya hutajwa kwa kifungu cha maneno kisha watu wakaenda kunywa chai. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la Bravo kwenye Bikini, Visiwa vya Marshall, bahari ya Pasifiki. Walitarajia nguvu ya megatoni 6, likatoa 15. Saa chache baadaye unga mweupe ulianza kudondoka kwenye kisiwa cha Rongelap. Watoto hawakuwahi kuona kitu kama kile. Waliuchezea, ukawaganda kwenye ngozi na nywele, ukaingia kwenye maji ya kunywa. Ulikuwa matumbawe yaliyosagwa na mlipuko, yenye mionzi. Watu walihamishwa siku mbili baadaye, wakati wanatapika na ngozi inawaka. Lilikuwa moja tu kati ya majaribio 67 yaliyofanywa visiwani humo.

Mwaka 2014 visiwa hivyo vilikwenda mahakamani The Hague kuwadai wenye silaha wote tisa watimize wajibu wa kuzungumza. Tarehe 5 Oktoba 2016 Mahakama ikazifuta kesi tatu zilizokuwa zimefika mbele yake, dhidi ya Uingereza, India na Pakistan. Ile ya Uingereza majaji waligawanyika nane kwa nane, kura ya rais wa mahakama ikaamua. Sababu: hakukuwa na mgogoro kati ya pande mbili. Watu walionyeshewa jivu la bomu hawana mgogoro na wenye mabomu. Mimi niliposoma hukumu ile niliweka gazeti chini nikatoka nje kutembea.

Kwa nini basi hamtupi tarehe? Hamjatuambia, kwa hiyo mtaniwia radhi nikikisia. Nahisi ni viwanda: nyambizi moja ni ajira za miaka mingi katika majimbo ya wapiga kura, na hakuna mwanasiasa anayependa kufunga karakana. Nahisi pia ni utukufu, mnaona kiti cha kudumu Baraza la Usalama bila bomu kitaonekana kidogo. Ingawa Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulitiwa saini tarehe 26 Juni 1945, wiki kama tatu kabla ya bomu la kwanza kujaribiwa New Mexico, na viti vilikwishagawanywa bila hata mmoja wenu kuwa nalo.

Na msiniambie haiwezekani. Mwaka 1987 Reagan wa Marekani na Gorbachev wa Urusi ya Kisovieti walisaini INF, mkataba wa kuondoa makombora ya masafa ya kati, ukatoa miaka mitatu. Kufikia katikati ya 1991 makombora 2,692 yalikuwa yameharibiwa mbele ya wakaguzi. Unaona? Ulikuwa na muda uliopangwa. (Mkataba wenyewe ulikufa Agosti 2019, lakini yale makombora hayakufufuka.) Afrika Kusini iliunda mabomu sita ikayavunja yote, kisha tarehe 24 Machi 1993 Rais de Klerk akasimama bungeni akaiambia dunia. Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia, ambao ninyi mliukataa kabla haujaandikwa, ulipitishwa na nchi 122 mwaka 2017 na ukaanza kutumika tarehe 22 Januari 2021. Wanachama wake walipokutana Vienna Juni 2022 walikubaliana: dola ya nyuklia itakayojiunga ipewe miaka 10 kuharibu silaha zake. Miaka kumi. Wasio na bomu hata moja wamewahesabia muda ninyi mnaosema hauhesabiki.

Wapo ambao muda unawaishia kweli. Manusura wa Hiroshima na Nagasaki waliosajiliwa Japani walishuka chini ya laki moja mwaka 2025, na wastani wa umri wao umevuka miaka 86. Shirika lao, Nihon Hidankyo, lilipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2024. Wapo kati yenu waliotuma pongezi.

Nilianza kuandika barua hii nikiwa na madai mengi: mtoe makombora kwenye hali ya kurushwa papo hapo, muahidi kutotangulia kutumia, mridhie mkataba wa majaribio, mrudishe wakaguzi. Yote bado nayataka. Lakini nimegundua kila dai nililolitaja mnalo jibu lililokwishachapwa, kwa hiyo nimeyapunguza yakabaki moja ambalo halijibiki kwa aya.

Naomba tarehe. Kama ni 2040, andika 2040. Kama ni 2060, andika hivyo. Mimi nitakuwa nimeshazikwa, lakini wanafunzi wangu watajua mwaka wa kuja kudai. Kama mkipanga baina yenu mkashindwa kuupata mwaka wowote, basi tuandikieni hilo, kwamba hamna mpango wa kuziondoa, mtie saini na muhuri, ili sisi wengine tujue tulikubali nini mwaka 1995 na tuamue kama bado tunakikubali.

Nasubiri majibu yako.

Wako katika ujenzi wa amani,
Mwalimu wa historia

Nakala: kwa wenzako wanne.