Barua ya malalamiko: mlibadilisha vipuri kabla ya kupima gari langu

Kwa Meneja wa Huduma,

Ndugu Meneja,

YAH: KUTOZWA GHARAMA ZA VIPURI AMBAVYO GARI LANGU HALIKUVIHITAJI

Mimi ni mteja wenu, mwenye gari la saluni, jeusi na la kifahari, nililolinunua likiwa limeshatumika. Ndani ya wiki sita nimelileta gari hilo kwenu mara tatu. Mara zote tatu nimeondoka na kipuri kipya na tatizo lilelile. Leo tatizo limekwisha, na kilichotakiwa kilikuwa vipande vitatu vifupi vya waya na kazi ya nusu siku. Naandika kudai fedha zangu. Naeleza pia jinsi kosa lilivyopatikana, kwa sababu lingeweza kupatikana siku ile ya kwanza mikononi mwenu.

Siku hiyo nilijaza fomu ya mapokezi kwa mwandiko wangu, na nakala yake ninayo. Niliandika kwamba gari likiegeshwa siku tatu, siku ya nne haliwaki kwa kukosa umeme. Niliandika kwamba taa moja ya kumulika namba ya nyuma huwaka na kuzimika yenyewe. Niliandika kwamba mara kwa mara dashibodi huonya kuwa buti liko wazi ilhali nimelifunga kwa mikono yangu. Mwisho niliandika kwamba zulia la mbele upande wa abiria hulowa baada ya mvua. Kijana wenu wa mapokezi alinisomea yote kwa sauti kuhakikisha amenielewa, akanihudumia kwa heshima kila nilipokuja. Sina neno naye. Ninachouliza ni kama kuna fundi yeyote aliyeisoma fomu ile baada yake.

Mara ya kwanza mliniambia betri imechoka, mkaweka mpya. Mara ya pili mkasema alteneta, yaani kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka, haichaji vizuri, mkaibadilisha. Mara ya tatu mliunganisha mashine ya kusoma hitilafu, ikatoa misimbo 17, mingi ikianza na herufi U, mkahitimisha kwamba kompyuta inayosimamia milango, taa na vitasa imeharibika. Nayo mkabadilisha. Siku ya tatu baada ya hapo mama yangu alikuwa na miadi ya hospitali saa mbili asubuhi. Nilibonyeza swichi ya kuwasha, dashibodi ikamulika kidogo, ikafifia, ikazima. Mama alikuwa ameshaketi kiti cha nyuma, mkoba wake mapajani.

Niliwapigia simu. Nikajibiwa kwamba magari ya kifahari yaliyotumika ndivyo yalivyo, nizoee au niliuze. Ndugu Meneja, jibu hilo liliniumiza kuliko ankara zote tatu. Gari kuwa na miaka mingi na nyaya nyingi kunamtaka fundi apime kwa makini zaidi. Mwenye gari halipi ada ya uchunguzi ili aambiwe azoee.

Nilimtafuta fundi umeme wa magari anayefanya kazi peke yake. Kabla ya kufungua chochote aliniuliza gari linafanya nini hasa, nikampa nakala ya fomu yenu. Akaisoma mara mbili, akaweka kidole kwenye mstari wa taa ya namba na mstari wa onyo la buti, akasema, "Hivi viwili vinapita njia moja. Tuanzie hapa, lakini kwanza tupime."

Alichaji betri kwa chaja mpaka ikajaa, ikapumzika, ikasoma volti 12.6. Akawasha injini, akapima tena kwenye nguzo za betri: volti 14.3. Kwa vipimo hivyo viwili, visivyochukua muda wowote wa maana, alijua kwamba chaji inaingia vizuri na kwamba umeme unapotea gari likiwa limelala. Nilimwonyesha ripoti yenu ya ziara ya pili, ambamo alteneta yangu ya awali ilisoma volti 14.2 injini ikiwa inaunguruma. Alinyamaza kidogo. Alteneta inayotoa volti 14.2 inachaji, na ninyi wenyewe mliiandika namba hiyo kwenye ukurasa uleule mlioandikia kwamba inafaa kubadilishwa.

Kisha akapima umeme unaovuja. Katika gari hili betri imo ndani ya buti, kwa hiyo ukilifungua ili upime, taa ya buti inawaka na kompyuta zinaamka. Alilisukuma komeo la kitasa cha buti kwa bisibisi mpaka likajifunga, gari liamini buti limefungwa. Akafunga milango yote, akaweka ufunguo mbali, akabana waya hasi wa betri kwa mita ya kubana, ile isiyohitaji kukata umeme. Alieleza kwamba ukiuchomoa waya wa betri ili uunganishe mita, kompyuta hujianzisha upya, na kosa unalolitafuta linaweza kujificha papo hapo. Tukasubiri. Kompyuta za gari kama hili hazilali zote kwa pamoja, na huchukua dakika 20, 30, wakati mwingine zaidi, kabla ya kutulia. Gari zima likilala linatakiwa kutumia ampea 0.05 au pungufu. Baada ya dakika 40 mita yake ilikuwa bado inasoma ampea 0.9.

Ripoti yenu ya ziara ya kwanza ina mstari usemao: "Umeme unaovuja umepimwa, kawaida." Hakuna namba wala muda. Naomba fundi aliyeandika hivyo aeleze alipima vipi, alisubiri dakika ngapi, na buti lilikuwa wazi au limefungwa. Kama hakupima, basi nilitozwa kwa kazi isiyofanyika.

Ampea 0.9 kwa saa 24 ni ampea-saa 21.6 kwa siku. Kwa siku tatu ni karibu 65. Betri yangu ya zamani ilikuwa ya ampea-saa 90, aina ya AGM, ambayo asidi yake hushikwa na mikeka ya nyuzi za kioo, ndiyo maana ilivumilia siku tatu na kushindwa ya nne. Mliyoniwekea ni betri ya kawaida ya maji, ya ampea-saa 70. Tangu mlipoiweka gari likawa linashindwa siku ya tatu. Niliwaambia kwa simu kwamba hali imezidi kuwa mbaya baada ya betri mpya, mkaniambia haiwezekani. Hesabu ni hiyo, fanyeni wenyewe. Tena hamkuisajili betri hiyo kwenye kompyuta ya gari, jambo ambalo gari la aina hii linahitaji ili lirekebishe uchajiji wake. Kumbukumbu ya gari bado ilionyesha AGM ya ampea-saa 90.

Fundi wangu hakuanza kuchomoa fyuzi moja moja, kwa sababu kuchomoa na kurudisha kunaziamsha kompyuta zilizokwisha lala. Alipima volti ndogo sana juu ya kila fyuzi ikiwa mahali pake. Fyuzi isiyopitisha umeme husoma sifuri, inayopitisha huonyesha sehemu za elfu za volti. Fyuzi ya mfumo wa vitasa na buti ilikuwa inapitisha. Akarudi kwenye ile njia moja aliyoitaja mwanzoni: mpira mweusi wenye mikunjo, unaobeba nyaya kutoka kwenye bodi ya gari kwenda kwenye kifuniko cha buti, karibu na bawaba. Akauminya kwa vidole. Mita ikaruka, ikashuka, ikapanda tena.

Alipouvua mpira huo niliona kwa macho yangu. Waya mmoja ulikuwa umekatika kabisa. Mwingine ulishikiliwa na nyuzi chache za shaba, na wa tatu ulikuwa umechubuka plastiki yake hadi shaba ikawa wazi. Kila buti linapofunguliwa na kufungwa nyaya hizo hukunjwa mahali palepale, na baada ya miaka plastiki hukauka na kupasuka. Mmoja ulikuwa wa taa ya namba. Miwili iliyobaki ni ya swichi iliyo ndani ya kitasa, inayoiambia kompyuta kama buti liko wazi. Kwa hiyo kila ilipogusana na kuachana, kompyuta iliamini mtu amefungua buti, ikaamka, ikaziamsha na kompyuta nyingine. Gari langu lilikuwa halilali usiku. Ndilo jambo nililoliandika kwenye fomu yenu, kwa maneno ya mtu asiye fundi: dashibodi inasema buti liko wazi ilhali limefungwa.

Alikata sehemu zilizochoka, akaunga vipande vipya vya waya laini unaostahimili kukunjwa, akalehemu, akavika kila kiungo mrija unaonywea kwa joto, akahakikisha viungo havikai mahali nyaya zinapopinda. Tukapima upya baada ya dakika 40: ampea 0.03.

Kuhusu misimbo 17, alifanya jambo ambalo naamini ndiyo kazi ya kwanza ya mtu mwenye mashine ile. Aliihifadhi orodha, akaifuta yote betri ikiwa imejaa, tukazunguka na gari, kisha akasoma upya. Aliyafanya haya kabla ya kuunga nyaya, ili aone ni ipi inarudi. Ilirudi 2, wa kitasa cha buti na wa taa ya namba. Hiyo 15 mingine ilikuwa kilio cha kompyuta zilizokosa volti za kutosha siku betri ilipoisha. Misimbo inayoanza na U inahusu kompyuta kushindwa kuwasiliana, na kompyuta isiyo na umeme haiwezi kujibu mwenzake. Ninyi mliiona orodha ileile, ikiwemo hiyo miwili, mkachagua kubadilisha kompyuta.

Sasa zulia. Ankara yenu ya ziara ya pili inasema mirija ya kutoa maji kwenye paa la kioo "imesafishwa kwa upepo wa kompresa." Mvua iliyofuata maji yaliingia mengi kuliko awali. Fundi huyu alimimina kikombe cha maji kwenye kona ya kulia ya paa, yakatoka chini ya gari mara moja. Upande wa kushoto, wa abiria, yakatoka kwenye zulia. Kabla ya kufungua pambo la nguzo ya kushoto inayoshikilia paa aliondoa waya wa betri na kusubiri, kwa kuwa nyuma ya pambo hilo kuna mfuko wa hewa wa usalama. Nyuma yake tukakuta mrija umechomoka kwenye kiungo. Uchafu ulikuwa umekwama chini, upepo wenu ukakosa pa kutokea, ukausukuma mrija ukatoka. Aliurudisha, akaubana, akazibua kwa uzi laini wa plastiki akisukuma kidogo kidogo. Juu zulia lilionekana kavu, lakini sponji iliyo chini yake ilikamuliwa maji kama kitambaa cha kufulia, na hapohapo chini kuna soketi za nyaya. Mbili tayari zilikuwa na kutu ya kijani. Amezisafisha. Kama zitaleta hitilafu baadaye, chanzo chake ni kazi ya gereji yenu, na ninataka ibaki kwenye kumbukumbu.

Sidai kwamba kila fundi lazima apatie mara ya kwanza. Nyaya zinazokatika ndani ya mpira ni kosa linalojificha, nami ningesubiri hata wiki nzima kama mngeniambia bado mnatafuta. Ila hamkunipigia kuniambia kwamba mnakisia. Kila kipuri mlikitaja kana kwamba mmethibitisha, nami nikalipa nikiamini.

Kwa hiyo nadai haya. Mnirudishie ada ya uchunguzi ya ziara zote tatu. Mnirudishie gharama yote ya alteneta na ya kompyuta, pamoja na ya ufundi. Alteneta na kompyuta zangu za awali, ambazo mlizibakiza bila kuniuliza, nazitaka zilivyo. Nikizipata nitawarudishia zenu siku hiyohiyo. Betri mliyoweka iondolewe, iwekwe ya AGM ya ampea-saa 90 na isajiliwe kwenye kompyuta, nami nitalipa tofauti ya bei baina ya betri hizo mbili tu, kwa kuwa yangu ya zamani ilikuwa na miaka yake. Mlipie pia kazi ya kuurudisha mrija na kusafisha soketi. Ankara ya fundi aliyeifanya nimeiambatanisha.

Nimeambatanisha pia nakala ya fomu ya mapokezi, ripoti zenu tatu, orodha ya misimbo kabla na baada ya kufutwa, picha za mita zikionyesha ampea 0.9 na 0.03, na picha ya nyaya zilizokatika. Vipande vyenyewe vya waya ninavyo ndani ya bahasha. Nitavileta mkitaka kuviona, na ningependa fundi aliyehusika awepo siku hiyo avishike mwenyewe.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Siku hizo zikipita kimya, nitapeleka barua hii pamoja na viambatanisho vyake kwenye mamlaka inayoshughulikia haki za walaji.

Wenu,

Mteja, mwenye saluni nyeusi

Viambatanisho: kama vilivyotajwa