YAH: DARAJA LA INTANETI LISILOVUKA, NA MANENO NILIYOAMBIWA DUKANI KWANGU

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Tawi la Tanga.

9 Juni 2025

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni barua ya tatu. Mbili za kwanza nilizituma kwa baruapepe iliyo kwenye ankara yenu, nikajibiwa na mashine iliyonishukuru kwa kuwa mteja wenu. Hii naileta kwa mkono, na nakala yangu naomba igongwe muhuri wa kupokelewa. Masharti ya kazi mnayajua, fomu ya makabidhiano mmeiandika wenyewe, kwa hiyo sitawasomea.

Kazi niliyowapa ni ya nusu siku kwa anayeijua. Faiba inaishia nyumbani kwangu Chumbageni. Duka na ghala viko Ngamiani, ng'ambo ya reli, kama kilomita moja na nusu kwa mstari ulionyooka. Antena moja ikae paa la nyumba, nyingine paa la ghala, zitazamane, mtandao uvuke kana kwamba nimetandaza waya mmoja mrefu juu ya mji. Nikiwa nyumbani nizione kamera zangu 8, na programu ya mauzo isome stoo. Basi. Nikalipa Sh 1,350,000 zote kabla fundi hajagusa ngazi, maana ndivyo mlivyotaka.

Fundi wenu alikuja Jumatatu, tarehe 14 Aprili. Saa tano asubuhi duka limejaa watu, akashuka kutoka paani. Nikamuuliza kwa upole, "Mwanangu, ule mwembe wa jirani haujakaa njiani?" Akanijibu huku macho yako kwenye simu yake: "Mama, hii mitambo ya kisasa inapita popote. Wewe kaa kwenye kiti upumzike, haya mambo tuachie vijana." Wateja wakacheka.

Ndugu Meneja, nimefundisha fizikia miaka 26. Mawimbi nimeyafundisha kidato cha nne mpaka chaki ikanikausha vidole. Redio zile zilizo kwenye antena zinatumia masafa ya GHz 5, na kadiri masafa yanavyopanda ndivyo majani mabichi yenye maji yanavyoyameza mawimbi. Kijana aliona kwamba ukisimama paani unaliona paa la pili pembeni mwa mwembe, akadhani yamekwisha. Hayajaisha. Mawimbi hayasafiri kama uzi. Yanahitaji uwazi unaotanuka katikati ya safari, ule ukanda unaoitwa kwa jina la Mfaransa Fresnel, na kwa umbali wangu unafika mita 4 na ushee kila upande wa mstari. Mwembe umeingia humo na matawi yake yote. Suluhisho lilikuwa bomba la mita 3 zaidi, au kuihamishia antena kona ya pili ya paa. Bomba ninauza mwenyewe! Angeniambia ningempa bure.

Alipoondoka taa zilikuwa zinawaka, kwa hiyo kazi imekwisha. Jioni hiyo hiyo mtandao ukaanza kukatika. Nilifungua mwenyewe ukurasa wa mipangilio, wala sikuhitaji kumsumbua mtu, kwa sababu nywila ilikuwa bado ile ya kiwandani ambayo dunia nzima inaijua. Nguvu ya mawimbi ilisoma hasi 83. Kwa umbali kama huu na vifaa kama vile, fundi makini haondoki kabla hajaona hasi 60 au karibu na hapo. Tofauti ni desibeli 23, maana yake ninapokea sehemu moja tu kati ya 200 ya nguvu niliyopaswa kupokea. Upepo wa kusi ukivuma hata hiyo moja inapotea, kwa kuwa antena ya ghala aliibana kwenye bomba kwa vile vikamba vya plastiki vya kufungia nyaya. Klampu za chuma zilizokuja ndani ya boksi nilizikuta chini, hazijatolewa kwenye mfuko.

Kuna jingine lililonishangaza zaidi. Redio zote mbili aliziacha na anwani ile ile ya mtandao ya kiwandani, ukiita moja hujui itakayoitika. Ya ghalani akaiacha katika hali ya ruta badala ya daraja, nayo ikawa inagawa anwani zake yenyewe kwa kila kifaa cha upande ule. Ndiyo maana hata mtandao unapovuka, nyumbani kamera sizioni: kwa mashine zangu, ghala ni nchi nyingine yenye mpaka wake. Niliwaagiza daraja. Mmenijengea kizuizi cha barabarani.

Waya nao ni wa ndani ya nyumba. Jua la Tanga halikumaliza mwezi, gamba likaanza kupasuka. Hakuuacha hata ule mpindo mdogo chini ya tundu la ukuta ili maji ya mvua yadondokee nje, basi mvua za Mei zikafuata waya mpaka ndani, zikashuka kwenye rafu ya rangi. Waya wa ardhi hakuna. Kinga ya radi hakuna. Katikati ya Mei radi ilipiga mtaa wa pili na swichi yangu ya mtandao ya milango 8 ikafa usiku huo. Nilipiga simu asubuhi yake. Dada aliyepokea aliniambia fomu inaonyesha nimeridhika, nimesaini.

Naam, nimesaini. Ngoja niwaeleze nilivyosaini, kwa sababu mara ya kwanza hapo juu nimelipita hili haraka, na hata baruapepe zangu hazikulisema.

Alishuka kutoka paani. Nikamuuliza juu ya mwembe. Akaniambia nikae kwenye kiti nipumzike, watu wakacheka, hilo nimeshalisema. Sikukaa. Nikamwambia, "Mwanangu, niitie basi mkubwa wako." Akapiga, akaweka spika, simu akaiweka juu ya kaunta yangu katikati ya misumari na risiti. Msimamizi wenu hakuuliza tatizo ni nini. Alisema, na duka zima likasikia: "Huyo bibi anataka nini tena? Mwambie asaini, uondoke." Kijana akanisogezea fomu, akanishikisha kalamu, akanionyesha kwa kidole mahali pa kusaini kama anayemwonyesha mtu asiyejua kusoma. Mimi! Kati ya waliosimama kaunta alikuwepo mmoja niliyemfundisha kidato cha pili. Ni yeye peke yake ambaye hakucheka. Aliinamisha uso. Nikasaini ili yaishe, maana sikuweza kuendelea kuonwa na mtoto yule.

Nimekuwa bibi, sikatai, wajukuu ninao. Ila hilo neno kwa namna lilivyotoka kwenye ile spika halikuwa la heshima ya umri, na nyie mnajua hivyo.

Nilipokaa kuandika nilikusudia jambo moja tu: mje mmalize kazi. Mnyanyue antena zipite juu ya mwembe, mzifunge kwa klampu, mvute waya wa nje wenye kinga, muweke waya wa ardhi, redio zote mbili ziwe katika hali ya daraja na kila moja na anwani yake, na msiondoke kabla sijasoma namba ya nguvu ya mawimbi kwa macho yangu. Ningewapa siku 14.

Nimefika hapa na mkono unatetemeka, kwa hiyo nabadilisha. Ni siku 7. Pamoja na hayo mnilipe swichi iliyoungua na makopo ya rangi yaliyolowa lebo, ambayo hakuna anayeyanunua. Msimamizi aje mwenyewe dukani, saa tano asubuhi, duka likiwa limejaa, aombe radhi kwa sauti ile ile aliyotumia kwenye spika. Asipokuja, sitaki tena kazi yenu: nitataka Sh 1,350,000 zangu zote na vyuma vyenu mje mshushe.

Siku ya nane nitapeleka nakala TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano. Mfunga vifaa vya mawasiliano anatakiwa awe na leseni, kwa hiyo andaeni namba ya leseni yenu, nimeiomba mara mbili na sijaiona. Nakala ya pili itakwenda kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Na kwa kuwa tunazungumzia karatasi: risiti mliyonipa imeandikwa kwa kalamu ya wino, kwenye daftari. Mimi nikiuza hata kilo ya misumari natoa risiti ya mashine. Sijui ofisi ya mapato, TRA, wataionaje hiyo ya kwenu, ila njia ya kufika pale naijua. Mahakama ya Mwanzo pia naijua, na muda ninao. Wastaafu ndicho tulichobakiwa nacho.

Nakala ya fomu, picha za antena, za waya uliopasuka na za ukurasa unaosoma hasi 83 nimeambatanisha.

Kwa heshima,

Mteja wenu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Ngamiani.

N.B. Kijana wenu aliondoka kwa haraka akaisahau ngazi ya alumini. Iko ghalani, iko salama, nimeifunga kwa mnyororo. Ufunguo ninao mimi.