Modi ya kwanza, kesho saa mbili usiku

Wanakikundi, habari za jioni. Kesho tunaendelea na modi (nyongeza ndogo tunazoziandikia mchezo wenyewe) za Luanti, ule mchezo wa bure uliokuwa ukiitwa Minetest hadi 2024. Kila mtu aje na folda yenye mafaili mawili tu: mod.conf (lenye jina la modi) na init.lua (lenye kodi).

Jana wanne mmelalamika kwamba dunia ya mchezo inagoma kufunguka. Nimepitia kodi zenu: modi inaitwa matofali, lakini ndani, kwenye jina la tofali, mmeandika "tofali:jekundu". Kabla ya nukta mbili liwe jina la modi lilelile, herufi ndogo, bila nafasi. Mimi mwenyewe kosa hili lilinikesha usiku mzima, kwa hiyo tusichekane.

Picha ya tofali iwe PNG, pikseli 16 kwa 16 zinatosha. Na jamani, kodi tumeni kama maandishi. Skrinshoti siwezi kuinakili!