Lenzi ndefu kwanza: barua kwa rafiki anayepiga picha za mandhari

Moshi

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku mlimani. Barua yako imenifikia, nami nimefurahi kusikia kwamba nyumbani wote ni wazima na kwamba ile Canon 700D imeanza kutembea nawe kila mwisho wa juma. Umeniuliza jambo moja: fedha uliyoweka akiba inatosha lenzi moja tu zaidi ya ile 18-55 iliyokuja na kamera, na kila muuzaji unayemwendea anakuambia kuwa mpiga picha za mandhari hana budi kununua lenzi pana sana, inayoona eneo kubwa kwa mara moja, yaani ya milimita 10-18. Mimi nina maoni tofauti. Kwa mandhari unayoyapenda wewe, na kwa nchi ilivyo kuanzia Tanga hadi huku kwetu, ningeanza na lenzi ndefu, inayoona kipande kidogo cha mbali na kukikuza, na ningependa nikueleze sababu zake kwa kirefu.

Tuanze na kamera yenyewe, kwa sababu namba zinazoandikwa kwenye lenzi hazisemi kitu mpaka ujue zinafanya kazi mbele ya kihisi, yaani kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga, cha ukubwa gani. Kihisi cha 700D kina upana wa milimita 22.3 na kimo cha milimita 14.9, ilhali fremu ya filamu ya milimita 35, ambayo ndiyo kipimo cha waandishi wengi wa mambo ya kamera, ilikuwa 36 kwa 24. Ndiyo maana unaposoma ushauri uliotolewa kwa ajili ya fremu kubwa hiyo, inakubidi uzidishe urefu wa fokasi wa lenzi yako, yaani zile namba za milimita zilizoandikwa juu yake, kwa 1.6 ili ujue mnazungumzia picha ile ile. Lenzi yako ya 18-55 hufanya kazi ambayo kwenye fremu kubwa ingefanywa na lenzi ya 29-88. Ikiwa kwenye 18 huona nyuzi zipatazo 64 kutoka kushoto hadi kulia, na ikiwa kwenye 55 huona nyuzi 23. Kwa hiyo lenzi pana tayari unayo, na usiruhusu mtu yeyote akuambie kuwa haifai. Usichokuwa nacho ni kitu chochote kinachopita 55.

Sasa chukua Kilimanjaro unavyouona ukiwa Moshi mjini. Kutoka hapa hadi kilele cha Kibo, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 30 na ushei, na kilele kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, yaani takriban mita 5,000 juu ya mapaa yetu. Kwa macho ni mlima unaojaza upande mzima wa kaskazini, lakini kwa hesabu hauchukui zaidi ya nyuzi tisa kutoka chini hadi juu. Ukipiga picha ya mlalo na lenzi ikiwa kwenye 18, mlima wote utachukua sehemu moja ya tano ya kimo cha picha, na kilichobaki kitakuwa anga, migomba na nyaya za umeme. Kwa 55 utazidi nusu ya kimo. Kwa lenzi ya 10 ambayo wauzaji wanaisifia, mlima mrefu kuliko yote Afrika utashuka hadi sehemu moja ya tisa. Hapo ndipo linapotoka lile lalamiko ambalo kila mgeni anayefika huku hulitoa, kwamba picha haikuonyesha ukubwa wa mlima. Macho yetu hukaza kwenye kile tunachokistaajabia na kusahau mengine, na lenzi hupokea kila kilicho mbele yake bila kuchagua. Kazi ya kuchagua ni ya mpiga picha, na lenzi ndefu ndiyo inayompa uwezo huo anaposimama mbali.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote katika barua hii, ni uhusiano wa vitu vilivyo karibu na vilivyo mbali. Watu husema kwamba lenzi ndefu huvuta mlima ukaja karibu na mti, lakini lenzi haifanyi hivyo. Kinachobadilisha uhusiano wa mti na mlima ni mahali uliposimama, na lenzi hukata tu kipande cha kile kinachoonekana kutoka hapo. Fikiri mbuyu wenye urefu wa mita 15 katika tambarare iliyo chini ya Usambara, na nyuma yake, kilomita kumi hivi, ukuta wa milima unaoinuka mita 1,000. Ukisimama mita 30 kutoka kwenye mbuyu, mti utaonekana mrefu mara tano kuliko mlima. Rudi nyuma hadi mita 150, na vitalingana kabisa, kwa kuwa umeuacha mti mbali mara tano zaidi huku umbali wako na mlima ukiwa karibu ule ule. Lakini kutoka hapo, kwa 18, mti na mlima vyote vitakuwa na kimo cha chini ya milimita mbili kwenye kihisi chenye milimita 14.9, na hakuna atakayevitazama. Kwa lenzi ya 100, vyote viwili vitachukua theluthi mbili ya kimo cha picha. Picha ambayo umeniandikia kwamba unaitamani, ya mkonge na mibuyu ikiwa imekaa chini ya Usambara kama kwamba milima inaiegemea, hupatikana kwa njia hii tu: kurudi nyuma kwa miguu, kisha kusogea mbele kwa lenzi. Hata pale Irente, juu ya Lushoto, mahali ambapo kila mtu hutoa lenzi pana kwa sababu uwanda uliopo chini ni mpana, naamini utapata picha bora zaidi ukichagua kipande kimoja cha uwanda ule, mahali ambapo barabara inakata mashamba au kivuli cha wingu kinapita, kuliko ukijaribu kuubeba wote.

Sisemi kwamba 10-18 haina kazi. Ni lenzi nyepesi, gramu 240 tu, nayo huona nyuzi 96 ikiwa kwenye 10. Lakini ni chombo cha kitu kilicho karibu, na anayeitumia bila kuwa na kitu cha kuweka mbele hupata picha tupu. Ukilifunga tundu lake hadi f/8 (namba ya f inavyokuwa kubwa, ndivyo tundu linavyokuwa dogo) na kuweka fokasi umbali wa sentimita 70 hivi, kila kitu kuanzia sentimita 35 mbele ya lenzi hadi upeo wa macho kitatoka kikiwa na ukali, na hapo ndipo uzuri wake ulipo: mwamba wa matumbawe uliolowa miguuni pako, na bahari ikienda zake nyuma. Ndani ya mapango ya Amboni hutakuwa na nafasi ya kurudi nyuma, na lenzi hiyo itakufaa sana. Vilevile katika msitu wa Amani, ambako miti imekubana kila upande. Huko Tongoni pia, kati ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, itafaa, ila uangalie sana usiinamishe wala usiinue kamera, kwa sababu lenzi pana ikielekezwa juu huzifanya nguzo zionekane zinaanguka kinyumenyume. Iweke sawa kwa msaada wa mistari ya gridi kwenye skrini, halafu ukate sehemu ya chini ya picha baadaye.

Hata hivyo, upana unaweza kuupata bila kuununua. Simamisha kamera wima, weka lenzi yako kwenye 35, funga fokasi na mwanga visibadilike, kisha piga picha kadhaa ukizunguka kutoka kushoto kwenda kulia, kila moja ikiingiliana na iliyotangulia kwa theluthi. Programu ya Hugin, ambayo ni ya bure, itaziunganisha ziwe picha moja pana yenye maelezo mengi kuliko ambayo lenzi ya 10 ingeweza kukupa kwa picha moja. Kwa mandhari yaliyotulia na yaliyo mbali, njia hii haina kasoro kubwa. Urefu wa lenzi hauwezi kuupata hivyo. Ukikata kipande kidogo cha picha ya 55 ili kifanane na ya 250, utabaki na sehemu moja ya ishirini ya picha, na hiyo haichapishiki kwa ukubwa wowote wa maana.

Lenzi ninayokupendekezea ni EF-S 55-250 f/4-5.6 IS STM, iliyotoka mwaka 2013. Ina gramu 375, kwa hiyo haitakuchosha unapopanda, ina kituliza mtikisiko ndani yake, na inaanzia pale pale ambapo ile uliyonayo inaishia. Utaonyeshwa pia 75-300 ya zamani kwa bei ya chini. Hiyo haina kituliza mtikisiko, na kwa ukali wa picha siilinganishi kabisa na hii. Ukiniuliza kuhusu 70-200 f/4 ya daraja la L, lile la juu la Canon, nitakujibu kwamba ni lenzi bora sana, lakini uzito wake unakaribia mara mbili na bei yake haiko katika mazungumzo yetu. Kuna jambo moja tu la kupima: lenzi za EF-S hazifungiki kwenye kamera za Canon zenye fremu kubwa, kama 5D au 6D. Kama una nia ya kuhamia huko karibuni, tafuta lenzi ya EF, inayofungika kwenye kamera hizo na kwenye yako pia. Kama huna, usilipie leo kamera ambayo huenda usiinunue.

Adui wa lenzi ndefu ni hewa. Kati yako na mlima ulio mbali kuna vumbi, moshi wa mashamba yanayochomwa na, jua likishapanda, joto linalofanya upeo wa macho ucheze. Lenzi haiwezi kurekebisha hayo hata ingekuwa ya bei gani. Piga alfajiri na asubuhi mapema, na uthamini sana siku zinazofuata mvua, hewa inapokuwa imeoshwa. Hapa kwetu mlima wenyewe kwa kawaida hujifunika mawingu kabla ya saa sita. Filta ya polaraiza, yaani kioo cha kufunga mbele ya lenzi kinachokata mng'ao, itakusaidia kupunguza ukungu wa mbali, na nguvu yake huwa kubwa zaidi jua likiwa ubavuni mwako. Kwa mtu anayetazama Kibo kutoka Moshi asubuhi, hali ni hiyo hasa, kwa kuwa mlima uko kaskazini na jua liko mkono wa kulia. Pale Irente asubuhi jua huwa mgongoni, na filta haitakufanyia mengi. Kwenye lenzi ya 10 huleta madhara, maana anga yote iliyoonekana haiwezi kuwa pembe moja na jua, na utapata doa la buluu nzito katikati ya anga iliyopauka. Faida nyingine ya 55-250 ni kwamba mdomo wake una kipenyo cha milimita 58, sawasawa na 18-55 ya toleo la STM, kwa hiyo filta moja itatumika kote kuwili, wakati 10-18 inahitaji ya 67.

Kuhusu tundu la lenzi, usilifunge kupita f/11 bila sababu. Najua umesoma habari za Ansel Adams na wenzake wa California, waliojiita Kundi f/64 mwaka 1932 kwa kuwa walitafuta ukali kuanzia jiwe la mbele hadi mlima wa nyuma. Wao walitumia kamera za filamu kubwa mno, na kwenye ukubwa ule f/64 haiharibu. Kwenye kihisi chetu kidogo, mwanga unaopita kwenye tundu lililobanwa hutawanyika, na kuanzia f/16 utaona picha nzima ikilainika. Tumia f/8, simamisha kamera kwenye tripodi, zima kituliza mtikisiko, kuza picha mara kumi kwenye skrini ili uweke fokasi kwa mkono, kisha acha kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde mbili. Kumbuka tu kwamba kwa 250 ukali wote hauwezekani: ukiweka fokasi mlimani kwa f/8, kitu chochote kilicho karibu kuliko mita 400 hivi kitaanza kupoteza ukali, kwa hiyo chagua mti ulio mbali.

Kwa kuwa utanunua lenzi iliyokwisha kutumika, na kwa kuwa unaishi pwani, ogopa kuvu kuliko mikwaruzo. Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele hauonekani kwenye picha; kuvu huendelea kula kioo kwa ndani. Elekeza tochi upande mmoja wa lenzi na utazame kwa upande mwingine: ukiona nyuzinyuzi zinazofanana na utando wa buibui, mrudishie mwenyewe. Ukishaipata iliyo safi, ihifadhi ndani ya kasha linalofungwa vizuri pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, wala usiiache kwenye mkoba wa ngozi kwa majuma.

Kabla hujalipa, mwombe muuzaji akuruhusu upige ukuta wa matofali ukiwa umeukabili sawasawa, kwa 55, kwa 135 na kwa 250, yote kwa f/8. Linganisha pembe nne za kila picha. Kama upande mmoja ni laini na mwingine ni mkali, vioo vya ndani vimehama na lenzi hiyo haikufai kwa mandhari, hata kama katikati ni safi. Nitumie picha hizo kwanza, nami nitakujibu siku hiyo hiyo.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako akupendaye,
Swahiba wako wa Moshi